Urithi ningeufundisha mwisho

Muulize mwanafunzi yeyote wa programu nguzo za lugha zinazotumia objekti, yaani vipande vya programu vyenye data na kazi zake pamoja, atakutajia nne kwa mkupuo: kuficha, udhahania, urithi na umbo-nyingi. Kwangu mimi hazina uzito sawa, na urithi, yaani aina moja ya objekti kuchukua tabia zote za nyingine, unaofundishwa kwa mbwembwe kuliko zote, ndio umetuponza zaidi.

Tazama lugha ya Java. Kwenye maktaba yake imo klasi, yaani kielelezo cha kutengenezea objekti, iitwayo Stack, yaani rundo: unaweka kitu juu, unachukua cha juu, basi. Lakini imerithishwa kutoka Vector, ambayo ni orodha ya kawaida, kwa hiyo imebeba kila tabia ya mzazi. Andika rundo.add(0, "x") uone: "x" inapenya hadi chini kabisa, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haisemi kitu. Hilo si rundo tena. Kasoro hiyo imo tangu toleo la kwanza la 1996, na kuing'oa ni kuvunja programu za watu. Nyaraka za Java zenyewe zinashauri utumie Deque, aina nyingine inayofanya kazi ya rundo.

Dawa ilikuwa rahisi: rundo liwe na orodha ndani yake, liifiche, litoe milango miwili mitatu tu.

Na kuficha kwenyewe tunakuelewa vibaya. Wengi huandika private, neno linalozuia data isiguswe kutoka nje, kisha huipa kila data get ya kuisoma na set ya kuibadilisha. Huko ni kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Niliwahi kutumia siku mbili nikisaka salio lililokuwa hasi. Sehemu kumi na moja za programu ziliweza kuliandika. Akaunti ilipaswa kuwa na toa(kiasi), ikague yenyewe, ikatae yenyewe.

Umbo-nyingi, yaani amri moja ambayo kila objekti huitikia kwa namna yake, naupenda kwa dhati. Duara na mraba kila kimoja kinajua eneo lake. Kesho ukiongeza pembetatu, msimbo unaojumlisha maeneo hauguswi hata mstari mmoja. Na hilo halihitaji urithi wa klasi: lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, haina urithi huo kabisa. Alan Kay, aliyebuni jina lenyewe la mtindo huu, alisema kiini chake ni objekti kupeana ujumbe.

Ningekuwa mwalimu, wiki ya kwanza ningewapa wanafunzi kazi moja: liandikeni upya rundo lile, na neno extends, ambalo Java hulitumia kurithi, lisionekane popote.