Nyigu aliyeongoza kwaya

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa noma, narudia, noma. Ukichelewa mazoezi unakuta mlango umefungwa, unaimbia hukohuko nje dirishani na ole wako utoke kwenye ufunguo. Kupumua alitufundisha tukiwa tumelala chali sakafuni na daftari juu ya tumbo, daftari lisipopanda na kushuka maana yake unapumulia mabegani, anza upya. Mpaka leo nikiwa na presha ya intavyuu nalitafuta lile daftari tumboni. Na tulimpenda jamani, maana ukipatia alikuwa anafumba macho anatabasamu, basi siku hiyo huambiliki.

Sasa amri yake kuu ilikuwa moja tu, macho kwenye mkono wangu. Kiganja kikipanda, sauti inapanda. Kikishuka, mnanong'ona. Ngumi ikifungwa, kimya, hata kama neno liko nusu mdomoni. Mtu mmoja akiangalia dari kwaya nzima inarudi mwanzo.

Siku ya tamasha ukumbi umejaa wazazi, mgeni rasmi yuko mbele, tunaimba bila kinanda wimbo wa taratibu, wa kubembeleza kabisa, ubeti wa pili huo, akaingia nyigu.

Akazunguka sikio la mwalimu. Mwalimu akampunga kidogo, soprano wakapaa. Akampunga kwa nguvu, besi wakanguruma mpaka jukwaa likatetemeka. Nyigu akatua kwenye kola, mkono ukashuka taratibu, tukanong'ona. Kisha akaanza kumfukuza harakaharaka, pa pa pa pa, na sisi hao hao, wimbo wa kubembeleza tunaukimbiza kama tunawahi basi la mwisho. Mimi niko sauti ya tatu, jirani yangu ananiuliza kwa jicho hii nayo imo kwenye noti? namjibu kwa jicho imba wewe. Ghafla mwalimu akamdaka, ngumi ikafunga. Kimyaaa. Ukumbi mzima unaangalia ngumi. Nyigu naye akafanya yake mle ndani, mkono ukaruka juu vidole vyote vimetanuka, na kwa jinsi tulivyofundwa hiyo ni kumalizia kwa koo zote, basi tukamalizia, nadhani hata nyigu alijuta.

Mgeni rasmi akasimama anapiga makofi, wazazi wakafuata, mmoja akasikika anasema huu ndio muziki wa kisasa bwana.

Nyuma ya jukwaa tukajipanga, hatujui tunasifiwa au tunafukuzwa. Mkono wa mwalimu umevimba, kidole hakikunjiki. Nyigu hakumtaja kabisa. Akatoa kile kichuma chake cha meno mawili cha kupimia sauti, kile kinachotoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni, akasema nipeni noti mliyomalizia. Tukampa. Akafumba macho, tukaanza kukonyezana kwamba tumepona.

"Mmeshuka nusu toni," akasema. "Na alto mmeingia kabla ya mkono."