Uwanja Usio na Geti, Lakini Una Mlinzi

Jioni moja katikati ya Dodoma, mbele ya jengo la biashara, nilimwona mlinzi akimsogelea kijana aliyeketi kwenye benchi la zege, ndoo ya zabibu ikiwa miguuni pake. "Mdogo wangu, hapa ni pa wateja," alimwambia bila ukali. Kijana akainuka. Mimi, niliyekuwa na mkoba wa kazini na sikuwa nimenunua chochote, sikuulizwa.

Je, uwanja ule ni wa umma? Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hivyo, ndani ya muda huo ndiye anayeamua nani aingie.

Mwenye jengo naye ana hoja. Katika mji huu ambao mvua hunyesha msimu mmoja tu, mti wa kivuli hauoti kwa bahati: kuna anayelipia maji, taa, fagio na mlinzi. Maeneo ya wazi yasiyo na mwangalizi tumeyaona yakigeuka maegesho au, mbaya zaidi, viwanja vya watu. Na wapo akina mama ambao hukaa pale usiku kwa sababu tu mlinzi yupo.

Hoja hiyo hupungua nguvu pale umma unapokuwa umekwisha kulipa. Tangu 1961, New York iliwaruhusu wajenzi kuongeza ukubwa wa majengo iwapo wangeacha uwanja kwa ajili ya watu. Mwaka 2011 waandamanaji wa Occupy Wall Street, waliopinga nguvu ya mabenki makubwa, walipiga kambi Zuccotti Park, uwanja wa kampuni jijini humo uliotokana na makubaliano ya namna hiyo, kwa kuwa ulitakiwa kuwa wazi saa 24 ilhali bustani za jiji hufungwa usiku. Mali binafsi, basi, ikawa wazi kuliko ya serikali, hadi mmiliki alipopiga marufuku mahema na kulala, na mwezi Novemba polisi wakawaondoa. London, mwaka huohuo, wamiliki wa uwanja wa Paternoster Square waliwahi mahakamani kupata zuio dhidi ya waandamanaji wa vuguvugu hilohilo, nao wakaishia nje ya kanisa kuu la St Paul's.

Kwa maoni yangu, anayeacha nafasi mbele ya jengo lake kwa hiari hadaiwi makubwa. Lakini nafasi iliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji kuwa eneo la wazi, au iliyokuwa sharti la kibali cha ujenzi, ni haki ya muuza zabibu sawasawa na yangu, na masharti yake yanapaswa kuandikwa mahali anapoweza kuyasoma, kama kanuni za New York zinavyotaka bango lenye saa za kufunguliwa. Pale mbele ya jengo nililitafuta bango la namna hiyo. Nililoliona lilikataza kuegesha bodaboda.