Ruta ya Chapati Mbili

Nyumba aliyotuachia babu hapa Mji wa Kale ina kuta upana wa dhiraa nzima. Mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, madirisha marefu ya kuita upepo. Watalii wakipita hupiga picha mlango, wakashika ukuta, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mimi nawachekea tu. Hawajui kwamba ukuta huo wanaoushika umekula waifai yangu mwezi wa nne sasa.

Vijana wa faiba walipokuja walitoboa upande wa mbele, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na ngazi yao, wakabandika kisanduku cheupe ukumbini, wakanipa karatasi nitie saini, wakaenda zao. Pale ukumbini mtandao wakimbia kama swala. Ukipiga hatua kumi kuingia chumba cha nyuma, anakokaa Mama Salma na tamthilia yake ya Kituruki, unakutana na kile kiduara kinachozunguka. Yule mume wa kwenye tamthilia, Mehmet, husimama mdomo wazi dakika tatu nzima akiwa yuko karibu kusema mtoto ni wa nani. Na Mehmet akisimama, Baba Salma ndiye anayeitwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Kenya mwaka 2009, zilitua wapi? Hapa hapa Mombasa. TEAMS ilitoka Fujairah, kule Imarati, ikalazwa chini ya maji mpaka kwetu. SEACOM nayo ikaja mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zikaendelea kuja. Zatoka baharini mlangoni petu, zapanda bara, zaenda kuwanufaisha watu wa Nairobi na Kampala, kama vile samaki wetu wazuri wanavyotiwa barafu alfajiri wakapakiwa gari. Intaneti ya nchi nzima yapita kwetu, na mimi mwenye mji nimesimama juu ya kiti, mkono hewani, natafuta vijiti viwili.

Mpwa wangu akaja akapimapima kwa simu yake, akasema, "Mjomba, jiwe ndilo lazuia. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 hayapiti kabisa, yale ya 2.4 yajikongoja. Vuta waya mpaka chumba cha nyuma, kisha mwisho wa waya uweke ruta ya pili."

"Ruta kiasi gani?"

"Dukani mpya utapata kwa 2,200."

Shilingi 2,200! Kwa kisanduku cha plastiki chenye pembe! Nilimwambia, mwanangu, mimi nimekuwa karani bandarini miaka 31. Nimeona makontena ya mitumba yakifunguliwa. Mimi sinunui kitu kipya kama mgeni wa mji.

Basi nikashuka kwa miguu mpaka Mwembe Tayari. Kuna kijana hutandika turubai kando ya njia: rimoti zisizo na televisheni, pasi zisizo na waya, simu zisizo na mgongo, na pembeni rundo la ruta zimelala chali, antena juu, kama kaa waliokufa.

"Elfu na mia mbili, babangu. Eksi-UK hiyo."

Neno hilo, eksi-UK, yaani mtumba wa Uingereza, kwetu lina nguvu kuliko hirizi. Friji ikiwa eksi-UK, hata kama haigandishi, mwenyewe utamsikia akisema mota yake ni ile ya zamani, madhubuti. Kijana akaomba soketi kwa kinyozi jirani, akachomeka, taa nne zikawaka. Za kijani. Mimi nikiona taa ya kijani nalegea. Sikuuliza inatumia nini wala ilikuwa ya nani. Nikabishana bei peke yake, nikapiga mia saba, nikapanda tuktuk kurudi nyumbani sababu ya jua, najiona mimi ndiye niliyemaliza wajanja.

Nafika nyumbani, nafungua mfuko wa sandarusi. Ruta ipo, chaja haipo.

Nikarudi. "Mzee, ile ilikuwa chaja ya kujaribia. Wewe ulinunua ruta." Akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto alifu na bee. Mia mbili na hamsini. Nikalipa. Tuktuk tena.

Nikachomeka. Taa zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima, kama tuktuk yenye dereva asiyejua kona ya kukata. Mpwa wangu akaigeuza, akasoma maandishi ya chini ambayo mimi nilidhani ni pambo: yataka volti 12. Chaja niliyopewa ni ya 9. Ana bahati yule kijana kwamba kosa lilikuwa upande huo. Ingekuwa kinyume ningeunguza ruta na boriti za babu. Nikarudi Mwembe Tayari mara ya tatu kubadilisha chaja. Kinyozi sasa ananisalimu kwa jina.

Haya, umeme umetulia, taa zimesimama. Nachukua waya wa intaneti, wa mita 15, shilingi 40 kila mita, niupachike. Hauingii. Nikasukuma. Nikageuza. Nikatia mate, Mungu anisamehe.

"Mjomba, usitie nguvu! Tundu hilo ni la waya wa simu ya mezani. Hii ni ruta ya ADSL."

ADSL, kwa aliyenusurika, ni ile intaneti iliyokuwa ikipita kwenye waya wa shaba wa simu. Waingereza nyumba zao zilikuwa na nyaya hizo, ndiyo maana ruta zenyewe zimejaa huko mpaka wakatuletea. Kwetu hapa waya wa shaba hauna maisha. Waulaza jioni, asubuhi umeshakuwa mali ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Simu ya mezani ya nyumba hii ilikufa babu akiwa hai, na tangu hapo twawekea ua la plastiki juu yake.

Mpwa akasema bado kuna dawa: tutumie yale matundu mengine ya manjano, lakini tuingie ndani ya ruta tuikataze kuzigawia simu anwani za mtandao, kwa kuwa kisanduku cha ukumbini nacho chagawa. Zikigawa zote mbili ni makondakta wawili matatu moja, kila mmoja adai nauli yake, na abiria hawajui wampe nani. Nikaelewa. Ila kuingia ndani kwataka nenosiri, na nenosiri hatuna. Basi iseti upya: kuna kitundu nyuma, watia sindano, washikilia sekunde kumi. Nikachukua sindano ya Mama Salma ya vitambaa. Nikashika sekunde kumi, nikashika thelathini, nikashika mpaka kidole kikafa ganzi. Kitufe kilikuwa kimeliwa na kutu. Upepo wetu wa chumvi hula mpaka bawaba za milango, itakuwa kitufe?

Kwa hasira nikaitikisa. Wakatoka mende watatu.

Yaani nimenunua nyumba pamoja na wapangaji.

Mara ya nne. Kijana wa turubai alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mende si wangu, babangu. Hao ni wa kwenu Mji wa Kale, kwenye majumba ya kale." Kinyozi akaacha kunyoa ili acheke vizuri. Mwishowe akanibadilishia kwa nyongeza ya mia tatu: ruta nyeusi, antena mbili, tundu la waya ni lile lenyewe, na chaja yangu ikaingia bila matata. Ilikuwa inateleza kidogo kwa mafuta, na ukiinusa vizuri ilikuwa na harufu ya bajia. Chini yake pamebandikwa karatasi imeandikwa kwa kalamu: KARIBU CHAI. Na chini ya hapo: chapatimbili.

"Jina na nenosiri hayo," mpwa wangu akasema. "Lakini Mjomba, tubadilishe kwanza."

"Tubadilishe nini? Kitu kimekuja kimeshapikwa, wewe wataka kukirudisha jikoni?"

Tukachomeka. Simu ya Mama Salma ikaandikwa chapatimbili, na Mehmet akafunga mdomo, akaufungua tena, akasema mtoto ni wa nani. (Si wake.) Jioni ile nilipewa chai ya maziwa yenye iliki bila kuomba.

Kisha likaanza jambo la ajabu.

Mimi jioni hukaa barazani. Zamani tulikuwa saba, na bao, na maneno. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wamehamia Kisauni kwa watoto wao, nimebaki mimi na paka. Sasa jioni ya pili, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akatazama simu yake, akaegesha. "Salamu aleikum, mzee." Akakaa. Kesho yake wakawa watano. Keshokutwa mwenye mkokoteni, dereva wa tuktuk, vijana wawili wa shule, na mama wa mabuyu na beseni lake. Baada ya wiki baraza ya babu imejaa, wengine wamechutama mpaka ukuta wa jirani.

Nikasema, hatimaye mtaa umejua thamani ya wazee. Nikaanza kuwasimulia mambo ya bandari: meli zilizokaa nje siku nyingi zikingoja gati, mizigo iliyopotea ikaonekana, mabosi waliokuja na kwenda. Wao waitikia tu, "Ehe... ehe," vichwa chini. Sikuona vibaya. Kijana mwenye adabu hamkazii mzee macho.

Muuza kahawa naye, ambaye alikuwa akinipita akigonga vikombe vyake kama hanioni, akaanza kutua dele lake hapo hapo kwangu. Kashata ziliisha kabla ya isha. Na kwa vile mimi ndiye mwenye baraza, kikombe changu kikawa cha bure, na cha pili, na cha tatu.

Siku ya tisa nikasikia kutoka nyuma: "Baba Salma! Mehmet amesimama!"

Mpwa akaitwa. Akafungua ruta kwa simu yake. Nenosiri la kuingilia ndani lilikuwa lile lile la kiwandani, admin na admin, hata mende angelibahatisha. Akatazama orodha ya waliounganishwa, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba, nyumba hii ina simu ngapi?"

"Mbili, na televisheni. Salma akija, nne."

"Humu mna 26."

Kumbe simu ina kumbukumbu kushinda bibi harusi. Ikishaingia mtandao mara moja, hulishika jina na nenosiri. Siku ikikutana na jina lile lile tena, huingia yenyewe bila hodi. Na ruta yangu ilikuwa ya hoteli ya chai. Hoteli imefungwa, vyombo vimeuzwa, ruta ikaishia kwenye turubai, lakini kila aliyewahi kuagiza chapati mbili pale akipita nje ya nyumba yangu, simu yamwambia: umefika. Na wenzake wakamuuliza nenosiri, na yeye si mchoyo.

Kwa hiyo nilikuwa nasimulia habari za bandari kwa wateja wa hoteli isiyokuwapo.

Mama Salma akaomba risiti. Risiti sina, akapiga hesabu kwa kichwa: ruta mia saba, chaja mia mbili na hamsini, nyongeza mia tatu, waya mia sita, tuktuk mara nne ni mia nne. "2,250," akasema. "Na mpya ni 2,200." Nikamwambia hata ile mpya ingetaka waya na tuktuk. Hakujibu. Ana namna yake ya kutojibu.

Mpwa akabadilisha yote. Jina jipya, nenosiri refu kama wosia, na programu ya ndani ambayo haikuwa imesasishwa tangu 2016. Jioni hiyo kijana wa bodaboda akaja, akatazama simu, akatazama nyumba, kama unavyotazama duka lililofungwa.

"Mzee, leo vipi?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Keti."

"La, nauliza mtandao."

Akawasha pikipiki. Kufika magharibi nimebaki mimi na paka. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe, nikamwita, akanimiminia kimoja, kisha akanyosha mkono. Shilingi kumi.

Nimelala na hesabu hiyo siku mbili. Vikombe vitatu kwa siku, shilingi kumi kila kimoja, ni thelathini. Kwa mwezi mia tisa. Miezi miwili na nusu tu, ruta na chaja na waya na tuktuk zote zimejilipa! Hesabu ya ukarani hii, si ya maneno. Leo alasiri nikamwita mpwa wangu pembeni, nikamnunulia viazi karai, akairudisha KARIBU CHAI na chapatimbili yake.

Mama Salma sijamwambia. Nangoja sehemu ya leo iishe. Hapa barazani tumeshakuwa tisa, kahawa yachemka, nimefika pale meli ilipokosa gati, na kutoka chumba cha nyuma nasikia kimya ambacho si cha kawaida.

"Baba Salma!"