Kuhama si kosa, muhali ndio unaotugombanisha

Shaabani imeingia, harusi zimepamba moto, na juzi kanijia binti mmoja anayesoma Tunguu, hapa Unguja, machozi yanamlengalenga. Mwenzake waliyepanga naye Fuoni kaolewa. Hilo ni la kheri, Mungu awape maelewano. Lakini kodi ilikuwa imebakisha wiki mbili, na bi harusi hakusema neno mpaka siku ya kupakia vitu. Sasa mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na aliyebaki ana nusu yake tu.

Nikamuuliza, "Mwanangu, harusi uliijua tangu zamani. Hukumuuliza nyumba itakuwaje?"

"Niliona muhali, dada. Niliona haya kumuuliza."

Neno hilo mimi nimelilipia. Nilipotoka Wete, Pemba, kuja kufanya kazi mjini, nilipanga Jang'ombe na shoga yangu. Shilingi 120,000 kwa mwezi, nusu kwa nusu. Miaka minne chungu kimoja, nguo za Idi tunashona pamoja. Friji tulichangia, 200,000 kila mtu. Kisha akapata kazi Chake Chake, kulekule Pemba. Nilijua, na yeye alijua kama najua. Siku zikapita tunazungumza kila kitu isipokuwa hilo. Asubuhi moja narudi zamu ya usiku, chumba chake kitupu, friji haipo, vibua vyangu viko kwenye karo vimeshaanza kunuka.

Hesabu yake ilikuwa hivi: kaacha kodi ya miezi miwili, 120,000 yake, nami nitaikalia, basi friji achukue yeye. Yangu ikasema: kuhama kataka mwenyewe, na friji ni ya wawili. Hesabu mbili, kila moja kichwani mwa mtu wake, na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka miwili hatukusemezana. Nilimwona bandarini Malindi siku moja anashuka kwenye boti, akainamisha uso. Nami nikainamisha wangu.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wangu wote: anayehama akae na anayebaki mwezi mzima kabla, na mwenye nyumba aambiwe na wote wawili. Kodi aliyokwisha kulipa anayehama, ikabaki, asidaiwe aliyebaki. Yeye hakumfukuza mtu, wala halali vitanda viwili. Akipatikana mpangaji mwengine, huyo ndiye amrudishie aliyeondoka, na mpangaji huyo achaguliwe na atakayeishi naye, si dalali. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, na maji mmalize siku hiyohiyo. Sheha, kiongozi wa mtaa, naye apewe taarifa.

Na yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha tuandike deni. Tunaisoma, tunaihifadhi tangu chuo cha Qur'ani, halafu tukiambiwa tuandikiane laki moja na nusu tunaona tumevunjiana heshima. Heshima gani hiyo inayoishia kwa watu kukwepana bandarini? Kama kweli unampenda mwenzako, usimwache peke yake na mwenye nyumba mlangoni.

Haya, wapo wanaoondoka ghafla. Simu inalia usiku kutoka Pemba, mama kaanguka, alfajiri mtu yuko bandarini. Huyo simlaumu kwa wiki hiyo. Lakini simu anayo, na wiki ya pili anaweza kupiga.

Jioni ileile tulimpigia bi harusi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata mimi silali vizuri. Nilikuwa nasubiri aniulize." Jumamosi baada ya laasiri anakuja Fuoni na mumewe. Daftari nimeshawanunulia.