"Mbona huonekani kama mtu wa kule?"

Mtu anakuuliza umekulia wapi. Unamtajia mtaa. Nyusi zinapanda kidogo, kisha anatabasamu na kusema: "Aah! Mbona huonekani kama mtu wa kule?" Anaamini amekusifu. Kumbe amewatukana jirani zako, walimu wako na mama aliyekulea, halafu anasubiri umwambie asante kwa kukutoa katika kundi lao.

Sifa ya aina hii inaniumiza kuliko tusi la wazi, maana tusi lina majibu yake. Hapa ukinyamaza, umekubali kwamba watu wa kwenu ni wa hovyo na wewe ndiye uliyenusurika. Ukisema neno, unaambiwa una hasira za bure.

Ndiyo maana wengine wanaamua kuficha. Nimemwona kijana akiomba ashushwe barabara kuu, akapunga mkono, akasimama pale akijifanya anapiga simu mpaka gari la mwenzake likapotea, ndipo akakata kichochoro kwenda kwao. Hakuwa mwizi wala hakuwa na deni la mtu. Alikuwa anaogopa tu kwamba wenzake wa kazini wakiijua nyumba yao, kesho watamsikiliza kwa sikio jingine. Na kusema kweli, hakuwa anaogopa kivuli.

Wanaowapima watu kwa mitaa yao hawakubali kwamba wanabagua. Watakwambia wanaangalia ushahidi: mtu anavyojieleza, anavyofanya kazi. Mwaka 1983, watafiti John Darley na Paget Gross wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti unaowahusu watu hao hasa. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo video ya msichana wa darasa la nne waliyemwita Hannah. Baadhi walimwona katika mtaa wa watu wenye uwezo, wengine katika mtaa wa kimaskini. Walioishia hapo, walipoulizwa uwezo wake darasani, walijizuia. Hawakutaka kumhukumu mtoto kwa nyumba za kwao.

Kundi jingine liliongezewa kipande cha Hannah akijibu maswali ya mtihani: mengine magumu akiyapata, mengine mepesi akiyakosa. Kipande kilikuwa kimoja kwa wote. Hapo ndipo hukumu zilipoachana. Waliodhani ni mtoto wa kitajiri walimweka juu ya kiwango cha darasa lake, na waliodhani ni mtoto wa kimaskini wakamweka chini. Kila upande ulikuwa na uhakika kwamba umeyaona hayo kwenye mtihani wenyewe.

Hilo linanitisha kuliko dharau ya mtu asiyejificha. Huyu mwenye "ushahidi" hajui kwamba jina la mtaa limeshamchagulia cha kuona. Mtoto wa kule akikosea, ndivyo walivyo. Mtoto wa huku akikosea, leo amechoka tu.

Najua upande wa pili nao upo. Mtoto wa kishua huitwa mlaini, asiyejua maisha. Si haki, lakini sijaona aliyenyimwa kazi kwa sababu amekulia penye lami na taa za barabarani.

Na mitaa hiyo inayodharauliwa haikujiotea kama uyoga. Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kukopesha. Maeneo ya Wamarekani weusi karibu yote yaliangukia humo. Kwa miongo kadhaa wakazi wa maeneo kama hayo walinyimwa mikopo ya nyumba, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika makazi ilikuja kupitishwa mwaka 1968. Watu wananyimwa fedha za kujenga, nyumba zinachakaa, kisha uchakavu unahesabiwa kuwa tabia yao.

Ufaransa, mwaka 2014, iliongeza mahali mtu anapoishi katika sababu ambazo sheria inakataza kumbagulia. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ingawa mahakama haiwezi kuingia kichwani mwa anayesoma maombi ya kazi saa kumi jioni, amechoka, akitafuta kisingizio cha kupunguza lundo lililo mezani.

Huyo asomaye anaweza kusaidiwa mapema. Fomu ya maombi ya kazi haihitaji anwani ya nyumbani. Namba ya simu inatosha kumwita mtu kwenye usaili. Wala hakuna sababu ya kumuuliza amesomea shule gani ya msingi. Anwani aulizwe siku anapotia saini mkataba, wakati uamuzi umeshafanyika.