Kodi ya jengo si langu

Mwanzoni mwa mwezi huu zamu ya kununua umeme ilikuwa yangu. Nikatuma elfu tano kwa simu, uniti zikarudi pungufu. Kumbe tarehe imegeuka, na mita imeshakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Jengo lenyewe si langu. Nimepanga chumba Manzese, Dar es Salaam, na kaya sita tunachangia mita moja.

Kukata kodi hii kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kulianza Agosti 2021. Kwa kukusanya, sina ubishi, ni kiboko. Hakuna foleni wala wa kukimbizana naye. Shida yangu ni kiasi. Nyumba yetu ya uwani, choo nje na bati lenye kutu, inatozwa 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya Masaki isiyo ghorofa, yenye bustani na geti linalofunguka lenyewe, nayo 18,000. Ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu, iwe Tandale kwa wanyonge au Oysterbay kwa matajiri.

Umeme wenyewe ndio unaniuma zaidi. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya makato. Akiwa mtu wa kuzidisha, huwekwa kundi la kawaida, ambako kila uniti ni 292. Nia ilikuwa kumbeba mnyonge. Sasa hesabu uwani kwetu: taa, pasi, redio, mara sita, halafu friji ya mama anayeuza barafu za ubuyu. Hizo 75 tunazimaliza mapema, tukahesabiwa kama mtumiaji mkubwa. Kijana anayeishi peke yake kwenye apatimenti, ana mita yake na anapikia gesi, ndiye anayepata bei ya mnyonge.

Tukizungumzia pengo la tajiri na maskini, viongozi hutaja TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vizuri, iendelee. Ila mimi ningeanza na upande wa kuchukua, yaani kodi na makato, maana huko kila kaya inaguswa, hata ile isiyojua ofisi ya kata iko wapi.

Na sisemi watu wanyang'anywe. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na sitamani turudi huko. Nataka kodi ya jengo ifuate mahali jengo lilipo, kama pango la ardhi linavyofanya tayari. Nataka pia zile uniti 75 zihesabiwe kwa kaya. Sensa ya 2022 ilitupitia chumba kwa chumba, mjumbe anatujua kwa majina, kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani kujua tuko wangapi.

Nilimwomba mwenye nyumba anikatie hiyo 1,500 kwenye kodi ya chumba, kwa kuwa kisheria deni ni lake. Alicheka sana, mzee wa watu, kisha akaniuliza kama chenji naitaka pamoja na notisi.