Siku Niliyoshuka Daraja Nisilowahi Kulipanda

Kwa muda wa wiki tatu nilifanya hesabu za kupanda daraja, yaani kuhamia meza za madau makubwa zaidi, kwa uangalifu ambao, laiti ningeutumia katika mambo mengine ya maisha yangu, pengine nisingekuwa na haja ya kucheza poka mtandaoni. Nilikuwa nikicheza poka ya limiti katika meza za $1/$2, ambako katika duru mbili za mwanzo kila dau ni $1, katika duru mbili za mwisho ni $2, na katika duru moja dau haliwezi kufika zaidi ya mara nne, hata mkikasirikiana vipi. Ndiyo sababu niliupenda mchezo huu. Hakuna anayeweza kukurukia ghafla kwa kusukuma mezani kila alicho nacho. Unafilisika taratibu na kwa adabu.

Desturi ya wachezaji wengi wa limiti ni kwamba mtu asipande daraja kabla ya kuwa na akiba ya madau makubwa 300 ya daraja analolitaka. Kwa meza za $2/$4, ambako dau kubwa ni $4, hiyo ni $1,200. Nilianza na $600, nikacheza migao 20,400 (mgao ni mchezo mmoja, tangu karata kugawiwa hadi mshindi kupatikana), na siku akiba yangu ilipofika $1,212 niliona kalamu na karatasi vinaniita.

Kwanza nilipiga hesabu ya ushindi wangu, nikapata dau kubwa moja na nusu kwa kila migao 100. Nilifurahi hadi nilipokumbuka kwamba katika mchezo huu matokeo ya migao 100 huyumba kwa madau makubwa yapatayo 16 kwenda juu au chini, maana yake ni kwamba migao 20,400, kwa wingi wake wote na usingizi wote iliyonigharimu, bado haikutosha kuthibitisha kama mimi ni mchezaji hodari au ni mshindwa ambaye bahati haijamshtukia. Nililitafakari jambo hilo kwa siku nne. Siku ya tano niliamua kwamba mimi ni hodari.

Hata hivyo, kwa kuwa najijua, niliandika mkataba baina yangu na nafsi yangu: nitapanda kwenda $2/$4 nikiwa na madau makubwa 300 ya daraja hilo, na nikibakiwa na pungufu ya 200 nitashuka siku hiyo hiyo bila kubishana na mtu yeyote, hasa mimi mwenyewe. Dada yangu, ambaye hajui karata yoyote ila anajua kusoma, alitia saini kama shahidi. Aliniuliza kama kulikuwa na haja ya shahidi. Nilimjibu kwamba nidhamu ni nguzo ya mchezo, naye akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Uamuzi wa wiki tatu nikautekeleza kwa sekunde mbili. Nilifungua orodha ya meza, nikabofya, programu ikanipendekezea kiasi kikubwa cha kuketi nacho, nami nikakichukulia kama heshima. Kwa kuwa nilitaka jasho langu lote liketi pamoja nami, niliingiza $1,212 zote. Kisha nikalipunguza dirisha likawa dogo, kama nilivyozoea, kiasi kwamba nukta za senti hazikuonekana vizuri.

Nilivutiwa na utulivu wa wachezaji wa daraja hili jipya. Walifikiri kabla ya kutenda, wakatupa karata mbovu bila manung'uniko. Nililipa madau mawili ya lazima ya mzunguko mmoja, ambayo kila mchezaji huyalipa kwa zamu kabla ya kuona karata zake, nikasoma 20 kisha 10, nikaelewa 2.0 na 1.0, yaani dola mbili na dola moja, maana macho ya mtu huona kile ambacho mkataba wake umekiandika.

Ndipo nikapewa malkia wawili, maana katika mchezo huu kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha huziunganisha na tano zinazofunuliwa mezani kwa wote. Mchezaji mmoja aliongeza dau, nami nikaongeza, akaongeza tena, tukafika ukomo wa dau nne. Karata tatu za mezani zikafunuliwa: malkia, saba na mbili. Malkia watatu! Tukafika ukomo tena. Karata ya nne ilikuwa nne, isiyomsaidia mtu, na bado tuliendelea kuongezeana kama mabwana wawili wanaogombea kulipa bili. Karata ya mwisho ilikuwa ree, nami sikuiogopa hata kidogo. Yeye, aliyeanza na ree mbili, sasa alikuwa na tatu, na ree tatu hushinda malkia watatu. Kabla ya karata hiyo ni karata mbili tu kati ya 44 zilizobaki ambazo zingemwokoa, na mojawapo ilikuja mbio.

Nilijifariji kwamba nimepoteza $48 na kwamba mtu mzima halii kwa $48. Kisha nikatazama akiba yangu ili nione $1,161, nikaona 702.

Nililikuza dirisha. Meza ilikuwa ya $20/$40. Dau nne za $20 mara mbili na dau nne za $40 mara mbili ni $480, na ile $3 ya madau ya lazima ilikuwa $30. Sikuwahi kufanya hesabu kwa haraka na usahihi kama ule.

Nilitoka mezani, nikaenda kwa dada nikiwa na mkataba mkononi, nikamweleza kwamba $702 ni madau makubwa 175 na nusu ya $2/$4, chini ya 200, na kwa hiyo kifungu cha kushuka kimeanza kutumika.

Aliusoma mkataba mara mbili. "Mdogo wangu," alisema, "hiyo meza ya $2/$4 umeicheza lini?"

"Bado, dada."

"Lakini leo unashuka kutoka huko."

"Naam, dada."

Alichukua kalamu, akatia saini.